Resiato wa Oldonyo Sambu

Saning'o aliketi juu ya parachichi za Eunike. Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na kama unadhani mwanzo wa namna hiyo uliwafundisha kusema mambo waziwazi, basi hujawajua hawa wawili.

Ilikuwa katika soko la Kilombero, asubuhi ya msongamano. Saning'o, muuza dawa za mifugo kutoka Kisongo, alikuwa akirudi kinyumenyume kukwepa mkokoteni, suruali nyeupe imenyooka kwa pasi, akajikwaa na kuangukia tenga. Eunike, binti wa Kimeru aliyejifunga kitenge cha njano, aliyatazama matunda yake, akaitazama ile suruali, akamwambia kwamba sasa ameyanunua. Akalipia yote. Kesho yake akarudi kununua mengine, ingawa hapendi parachichi.

Wakapendana. Simu za jioni zikawa ndefu. Eunike alimtania juu ya kidevu chake laini, akimuuliza ndevu zimekwenda likizo wapi, na kila mara Saning'o alikumbuka ghafla kwamba hajafunga duka. Ikitajwa ndoa, mtandao ulisumbua. Wakitajwa watoto, chaji iliisha. Mwanamume mzima, mwenye duka lenye umeme, kila siku chaji imeisha. Inachosha hata kusimulia.

Siku moja pale dukani, Saning'o akiwa nje anamwelekeza mfugaji dawa ya kuogeshea ng'ombe, simu yake iliita. Eunike akapokea. Sauti ya mama mtu mzima ikauliza, "Resiato yuko wapi?" Iliposikia sauti ngeni ikakata.

"Resiato ni nani?" Eunike alimuuliza aliporudi ndani.

Saning'o alianza kupanga upya chupa za dawa. "Mtu wa nyumbani, mpenzi. Achana naye."

"Ana mume?"

"Hana."

Sentensi moja tu ingetosha. Hakuisema. Eunike aliondoka na hasira zake, akaizuia namba ya Saning'o, akakonda. Mwishowe akapanda gari kwenda Oldonyo Sambu, nyumbani kwa wazazi wa Saning'o, akamwone huyo mke mwenzie kwa macho yake. Alivaa gauni la kanisani, maana hakutaka kukutwa amechoka.

Alimkuta mama yake Saning'o, yeyo Silantoi kama Wamaasai wanavyomwita mama, akimenya viazi nje ya nyumba. Alimwamkia shikamoo, akajitaja jina, akasema amekuja kuonana na Resiato. Mama aliweka kisu chini, akamwonyesha zizi.

Zizini hakukuwa na mwanamke. Alikuwepo Saning'o, amevaa gambuti, ameshika ndama.

"Yuko wapi?" Eunike aliuliza.

"Ni mimi."

Akaeleza bila kumwachia ndama. Alizaliwa na maumbile ambayo hayakukamilika, wakunga wakasema ni msichana. Akaitwa Resiato, akavalishwa shanga, akasoma kwa sketi. Alipobalehe sauti ikawa nzito, misuli ikaja, na mwili ukaonyesha ulichokuwa siku zote. Daktari alisema kuna kimeng'enya, kichocheo kinachokamilisha homoni ya kiume, ambacho mwili wake hauna cha kutosha, urithi wa baba na mama wote wawili, wala si laana. Baada ya upasuaji, wazee walimwingiza kwenye rika la vijana waliokuwa wadogo kwake, wakampa jina Saning'o. Mama yake bado humwita lile la kwanza akiwa na wasiwasi naye.

"Ndiyo maana ndevu ziko likizo," alimaliza. "Na watoto, Eunike, huenda nisipate. Hilo ndilo lililonishinda kusema."

Eunike alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na gauni lake la kanisani. Alilia kwanza, kwa ajili ya watoto aliokwisha kuwapa majina. Kisha akakasirika upya.

"Siku zote hizi namchukia mwanamke ambaye hayupo. Mama yangu amedhani nina malaria."

"Niliogopa utaniacha."

"Nilikuacha kwa sababu hukusema."

Yeyo Silantoi akaja na kikombe cha maziwa. Alimuuliza mwanawe, "Resiato, mmegombana?" akashtuka kwa jina lililomtoka, akamwomba mgeni radhi.

"Mwite unavyopenda, yeyo," Eunike alisema, akikipokea kikombe. "La watoto tutakwenda kwa daktari wote wawili, na jibu lolote tutalibeba. Mimi nitamwita mume wangu. Ila Jumamosi aje kwetu na wazee wake, na simu yake iwe na chaji."