Taarifa ya Anguko

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kugusa kitu kingine chochote, Kipanga alifagia chumba cha kushonea cha mama yake. Alianza na pini. Alikuwa na sumaku iliyotolewa kwenye spika iliyokufa, na aliiburuza sakafuni polepole, pini zikairukia kama kuku walioonyeshwa mtama. Kisha alifagia nyuzi, akakunja vitambaa vilivyobaki, akafuta vumbi kwenye cherehani. Mama yake hakuwahi kumkumbusha. Alijua fika kwamba bidii ile yote ya asubuhi ilikuwa na sababu yake mchana.

Sababu yenyewe ilikuwa ndege. Mjomba wake Kipanga, fundi redio, alikuwa ameanzisha kikundi cha watu wanaounda ndege ndogo na kuzirusha kwa rimoti. Waliziunda kwa ule ubao mweupe mwepesi unaofungiwa friji mpya, kwa gundi, kwa waya, na kwa mota zilizonusurika katika vifaa vibovu. Kila Jumamosi mchana walikutana kwenye uwanja wa wazi nyuma ya ghala la zamani, wakarusha, wakavunja, wakatengeneza tena.

Katika kikundi hicho alikuwamo dereva wa lori ambaye kila mtu alimwita Tani Saba, na watoto, kwa heshima, walimwita Baba Tani. Alikuwa na mwili wa kuziba mlango, lakini akishika bawa la ndege ungedhani ameshika kifaranga. Alikuwamo pia Nukta, aliyesoma darasa moja na Kipanga, mdogo wa umbo na mkubwa wa mdomo. Kipanga mwenyewe alipewa jina hilo kwa macho yake: hata ndege ikipaa mpaka ikawa kama nzi, yeye bado alikuwa akiona mkia wake umeelekea wapi.

Kikundi kilikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona ya ajabu. Ndege yoyote ikianguka, kazi yote ilisimama. Vipande vilikusanywa, vikawekwa chini, na watu wote wakaketi kuvizunguka. Mwenye ndege alieleza alichofanya, kilichotokea, na anachodhani kilikuwa chanzo. Waliiita taarifa ya anguko. Sheria yake ilikuwa moja tu: hakuna ruhusa ya kucheka mpaka aliyeangusha acheke kwanza.

Mwezi ule shule yao ilikuwa inaandaa siku ya maonyesho ya ufundi, na mwalimu mkuu alikiomba kikundi kije kurusha ndege mbele ya wanafunzi na wazazi. Mjomba alisema atakayeshika rimoti siku hiyo lazima awe mwanafunzi wa shule hiyo, yaani Kipanga au Nukta. Angemchagua yule ambaye mikono yake anaiamini zaidi. Tangu siku hiyo Kipanga hakutaka kitu kingine duniani. Akila, alikuwa akirusha ndege kichwani. Akioga, alipiga kona.

Ili apate mazoezi mengi, alibuni mbinu. Betri ya ndege hufungwa tumboni kwa mkanda wa kunata, ule unaokwaruza unapofunguliwa, na mkanda wake alikuwa ameshonewa na mama. Ulishika vizuri, lakini kuupitisha kwenye tundu zake kulichukua muda. Kipanga akakata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akakivuta juu ya betri kama lastiki. Betri ikiisha, anavuta, anatoa, anaweka nyingine, anaruka. Wenzake wakiwa bado wanahangaika na mikanda yao, yeye yuko angani.

Tani Saba alimtazama siku moja akatikisa kichwa kwa kustaajabu. Alisema mtoto huyu angekuwa utingo wake, lori lingepakuliwa kabla halijasimama. Kipanga akavimba kichwa, akamwonyesha jinsi ya kukata mpira.

Jumamosi iliyofuata jua lilikuwa kali. Kipanga alirusha, akashuka, akabadilisha betri, akarusha tena. Ndege ikapanda vizuri, pua juu. Halafu, bila yeye kugusa kitu, pua ikazidi kuinuka, mkia ukazama, ndege ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Kisha ikadondoka.

Kipanga alikuwa wa kwanza kufika. Bawa moja lilikuwa limekatika. Alipofungua tumbo aliiona betri: haikuwa mahali pake. Mpira ulikuwa umelegea kwa joto, na betri ilikuwa imeteleza mpaka nyuma, karibu na mkia. Alielewa palepale. Na palepale, kabla wengine hawajafika, mkono wake uliirudisha betri mbele na kuuficha mpira mfukoni.

Waliketi kuzunguka vipande. Mjomba akamtazama kwa upole, akangoja.

"Ni upepo," Kipanga alisema. "Ulinipiga ghafla nikiwa napanda."

Hakuna aliyebisha. Hapa anguko ni la mwenyewe kulieleza, na kwa nini mtu adanganye? Mjomba alisema basi upepo wa upande ule ni wa kuangaliwa, akawaagiza wote wajiandae nao. Nukta, ambaye mdomo wake haukuweza kupumzika, alinong'ona kwamba kumbe hata kipanga huchukuliwa na upepo kama mfuko wa plastiki. Lakini hakucheka, kwa sababu Kipanga hakucheka.

Wiki ile Kipanga alifanya kazi kama aliyeapa. Akitoka shule, akimaliza kazi za nyumbani, anakaa kwenye kona ya chumba cha kushonea. Alichonga bawa jipya, likapinda. Akachonga jingine, gundi ikamwagika ikala ubao. Akaanza la tatu, akipima na kupima tena kabla ya kukata, kama alivyomwona mama akifanya na vitambaa vya wateja. Mkanda wa mama aliurudisha kwenye tumbo la ndege, akaupitisha katika kila tundu bila haraka.

Mama alikuwa akipindisha upindo wa sketi. Aliuona mkanda ukirudi, akauliza bila kuinua macho ulikuwa umekwenda wapi.

Kipanga alisema ulikuwa unachelewesha.

"Na kilichokuwa hakicheleweshi kimekuangusha?" mama akauliza.

Cherehani ilinyamaza. Kipanga aliutazama mkono wake wenye gundi. Alisema kila mtu tayari anaamini ni upepo, na yeye hatautumia tena ule mpira, kwa hiyo jambo limekwisha.

Mama hakufoka. Alikata uzi kwa meno, akasema, "Mwanangu, mshono mbovu nikiupiga pasi unapendeza. Lakini anayekwenda kupasukiwa na nguo si mimi." Akaendelea kushona. Kipanga alilala na maneno hayo, na asubuhi alikuwa nayo bado.

Jumamosi ilipofika, Mjomba alisema leo ndiyo siku ya kuchagua. Habari ilikuwa imeenea, na watoto wengi wa mtaa walikuja kutazama, wamejipanga kwenye ukingo wa uwanja. Kipanga aliona jambo la kwanza lililomchoma: ndege ya Nukta ilikuwa inaruka vibaya, pua chini, kama ng'ombe anayenusa njia. Nukta alieleza kwamba amebandika vipande vya chuma puani ili upepo usimwinue kama ulivyomwinua Kipanga. Amehangaika navyo wiki nzima. Wiki nzima, Kipanga aliwaza, kwa ajili ya upepo ambao haukuwepo.

La pili lilikuwa zito zaidi. Tani Saba alikuwa ameleta ndege yake mpya, kubwa kuliko zote, yenye rafadha, yaani panga linalozunguka, ya mbao puani. Mota ilikuwa tayari inanguruma. Alikuwa ameiinua juu ya bega, tayari kuirusha kuelekea upande wa watoto ili ipite juu ya vichwa vyao wafurahi. Kwenye upenyo mdogo wa tumbo la ndege, macho ya Kipanga yaliona kitu cheusi kinachong'aa.

Mpira wa baiskeli.

Kama angenyamaza, pengine ungeshika. Siku nyingine ulishika. Kama angesema, angekuwa amewaambia watu wote kwamba mikono yake si ya kuaminiwa, siku ileile ya kuchagua mikono ya kuaminiwa. Aliwaza hivyo kwa muda wa pumzi moja. Mstari wa mbele ulikuwa na mtoto aliyekaa chini anakula muwa, mdomo wazi, akiisubiri ndege.

Kipanga alikimbia akasimama mbele ya Tani Saba, amenyanyua mikono. "Baba Tani, usirushe. Zima mota kwanza."

Tani Saba akazima. Kipanga akaomba wote waketi, kwa sababu ana taarifa ya anguko.

Nukta aliuliza anguko lipi, na ndege zote ziko hapa salama. Kipanga akamjibu ni lile la Jumamosi iliyopita, kwa kuwa hakulieleza. Akautoa mfukoni ule mpira, ambao wiki nzima hakuweza kuutupa, akauweka chini katikati yao, na akasema yote: joto, betri iliyoteleza, mkono wake ulioirudisha mbele. Alimgeukia Nukta, akamwambia avitoe vile vyuma, hakukuwa na upepo.

Tani Saba aliinuka. Aliipindua ndege yake kubwa, tumbo juu, akaitikisa mara chache. Ndani kulisikika kitu kikiteleza, kisha kikigonga upande wa mkia. Wote walikisikia. Aliwatazama watoto waliojipanga ukingoni.

"Mimi nafunga mizigo ya tani nyingi kwa kamba na minyororo," alisema taratibu, "halafu betri naifunga kwa lastiki kwa sababu nimeona mtoto anafanya. Hapo tumekosa wawili, mwanangu."

Mjomba aliuokota ule mpira, akaugeuza mkononi. Kisha akasema siku ya maonyesho rimoti itashikwa na Nukta. Kipanga aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuja, akayaacha yaje, lakini hakuondoka uwanjani. Alimsaidia Nukta kubandua vyuma puani, akampa Tani Saba mkanda wa akiba alioshonewa na mama. Kisha, kabla ya kila ndege kupaa, alikwenda kwa mwenyewe akaiomba, akaipindua, akaitikisa sikioni. Hakuna aliyemtuma.

Siku ya maonyesho, wanafunzi na wazazi walijaa uwanja wa shule. Mwalimu mkuu alitaka mtu wa kueleza ndege hizi zinavyofanya kazi, akamtazama Mjomba. Mjomba alisema atakayeeleza ni yule aliyeanguka, kwa sababu aliyeanguka anajua zaidi ya aliyepaa tu. Kipanga hakutazamia hilo. Alisimama mbele ya shule nzima akiwa ameshika bawa lake lililokatika. Akaeleza mota, akaeleza mkia, akafika kwenye betri, akaeleza jinsi ndege yake ilivyosimama hewani kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Nukta alikuwa nyuma yake na rimoti, amejikaza, mashavu yamejaa hewa kama puto. Kipanga alimwona. Kicheko kikamtoka, cha kweli, cha kutoka tumboni. Ndipo Nukta akalipuka, Tani Saba akafuata, na shule nzima ikacheka, wala hakuna kicheko kilichouma.

Kisha akaichukua ndege ya Nukta, akaipindua, akaitikisa. Kimya. Akampa ishara. Ndege ikapaa ikazunguka juu ya mabati ya madarasa, pua sawa, mkia sawa, na Kipanga aliifuata kwa macho mpaka ilipotua.

Watu walipoanza kutawanyika, Mjomba alimwita kando. Mkononi alikuwa na ndege ya Kipanga, yenye lile bawa la tatu alilochonga mwenyewe.

"Kipanga," alisema, "kuangusha ndege si kosa, mimi nimeangusha nyingi kuliko nywele zangu zilizobaki. Lakini anguko lililofichwa halikai mahali pake. Linahama, linakwenda kumwangukia mwingine asiyejua. Ukweli wako ulikuchelewesha siku moja, ukawalinda watoto wote wale. Mikono inayoaminiwa si ile isiyokosea. Ni ile inayoonyesha ilipokosea, kisha ikatengeneza."

Akampa rimoti. Kipanga aliipokea, lakini hakuwasha mota. Kwanza aliigeuza ndege tumbo juu, akaiweka sikioni, akaitikisa. Mama yake, aliyesimama karibu na ukuta akiwa bado na futi yake ya kupimia shingoni, aliona hilo akatabasamu.

Ndani ya ndege hapakulia kitu. Kipanga akaiachia ikapaa.