Barua ya Isdori Mlangoni mwa Kafe

"Umekuja kuona kifafa kinafananaje?"

Isdori hakuinua macho. Alikuwa uani kwa mama yake, anatandaza ulezi juani. Kalista, mchumba wake, alisimama na begi mkononi. Basi kutoka Dar lilimchosha, lakini kilichomlemea kilikuwa kingine.

"Isdori, nimekuja..."

"Mji mzima umeisoma barua yangu! Hata wanafunzi wangu wananikodolea macho, wanasubiri nianguke."

Barua alimwandikia Kalista, ajue ugonjwa wake kabla mahari haijapelekwa. Enzi hizo kafe za intaneti ndiyo zinachipua Sumbawanga, na kampuni ya kina Kalista ilitengeneza programu ya kufunga barua pepe asisome mtu mwingine. Kompyuta ya Isdori ilitumia mfumo wa Linux, si Windows ya wengi, programu ikaikataa. Akaenda kafe kwenye kompyuta za Windows, akaifunga barua, akaituma. Nakala ya kwanza, isiyofungwa, akaisahau kwenye kompyuta ya watu. Kesho yake watu wakaichapa, wakaibandika mlangoni mwa kafe.

"Kampuni yenu niliiandikia mara tatu iwatengenezee na wa Linux. Kila mara: nyie wachache, subirini. Huyo anayejibu hana moyo!"

Kalista akaweka begi chini.

"Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Anayejibu ni mimi. Maombi ya Linux naweka chini kabisa. Kwenye yako nililiona jina, nikasema huyu wangu, atavumilia. Ndiyo nikakwambia uende kafe."

Isdori akaacha ulezi, akaingia ndani. Mlango ukafungwa.

Kalista akapiga simu pale pale uani.

"Bosi Urbano, ya Linux tuianze sasa."

"Tuko wanne, Kalista! Wenye Linux hawafiki ishirini. Mamia wa Windows niwaambie nini?"

"Wao wanayo tayari. Hawa tunawatuma wakafungie siri zao kwa jirani. Wa kwangu keshaumbuka, bosi. Nimemuumbua mimi."



"Wa kwako? Basi rudi tuianze."

Asubuhi, mlango wa kafe ulikuwa na karatasi mpya:

"Mimi Kalista, mchumba wa Isdori. Aliniamini, mimi nikampuuza kwa uvivu. Aibu ni yangu. Nisomeni."

Mwenyewe alisimama pembeni, kichwa chini, kitenge kimekazwa mabegani kwa baridi.

"Dada, ndiyo wewe?" mama mmoja akauliza.

"Ndiyo mimi, mama."

"Mh! Una uso mkavu, mwanangu."

Hakuwa nao. Machozi yalidondokea viatuni.

Baiskeli ikafunga breki. Isdori akabandua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Kitendawili."

Kalista akafuta pua. "Tega."

"Nikikibeba peke yangu chanielemea. Nikimpa mmoja, chepesi. Nikiwapa wote, kimekufa."

"Siri."

"Nilikupa wewe, Kalista."

"Najua. Nisamehe."

Isdori akapigapiga kiti cha nyuma cha baiskeli, naye Kalista akapanda.

Miezi miwili baadaye, Isdori akapata ujumbe kutoka Dar:

"Ya Linux tayari. Wa kwanza ni wewe. Fungia nyumbani kwako. Bado naona aibu."

Akajibu:

"Aibu hiyo njoo uionee huku. Mama anauliza mahari ipelekwe lini."