Jiwe Lililopakwa Mafuta ya Ufuta

Kila asubuhi, baada ya supu na wali, Mzee Tak Bong-gu alitoka uani na chupa ya kupulizia maji. Hakuwa akimwagilia maua. Alikuwa akimwagilia jiwe.

Lilikuwa jiwe jeusi lenye vilele viwili na bonde katikati. Ukilitazama kwa mbele, unaona mlima mzima mezani. Mzee alililowesha, akaliacha likauke juani, kisha akalipapasa kwa kiganja. Alifanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

"Baba analea jiwe," alisema mwanawe Jin-mo, dereva wa lori la matofaa. "Mimi hakunilea hivyo."

"Jiwe halinijibu ovyo," alisema mzee.

Yang-hui, mke wa Jin-mo na mama wa mtoto wao Dan-bi, alicheka mpaka bakuli likamponyoka. Alimpenda sana mkwewe huyo. Baba yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mchanga, hata sura yake haikumbuki.

Majira ya kuchipua, mzee aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Kabla ya kupelekwa hospitali alimshika Yang-hui mkono.

"Mama Dan-bi, nilelee jiwe langu."

"Nitalilea, Baba. Usiwe na wasiwasi."

Yang-hui alilimwagilia kila siku. Lakini jambo moja lilimsumbua. Likiwa na maji, jiwe lilikuwa jeusi na zuri. Likikauka, lilipauka. Akamwuliza mchuuzi wa mawe sokoni.

"Lipake mafuta, dada," alisema mchuuzi. "Litang'aa usiku na mchana. Maji ni kazi ya wazee wasio na shughuli."

Mzee alikuwa karibu kurudi. Yang-hui alitaka alikute jiwe lake liking'aa. Akachukua chupa ya mafuta ya ufuta jikoni, akalipaka jiwe lote bila uchoyo. Lo, liling'aa!

Siku chache baadaye lilinata. Vumbi liliganda bondeni. Sisimizi walipanda mlimani, na paka wa jirani akaja kulilamba. Yang-hui aliogopa. Alilifunga kwenye kitambaa, akalikumbatia mpaka duka la dawa la Bi. Pyo. Mama huyo alikuwa jirani yao, na yeye pia alikuwa na mawe yake nyumbani.

Bi. Pyo alifungua kitambaa, akanusa.

"Mama Dan-bi, hiki ni chakula au jiwe?"

"Usinicheke, dada. Nimeliharibu. Limekuwa takataka, eti?"

"Ngoja kwanza tulitazame. Jiwe zuri halitambuliwi kwa kung'aa tu." Aliligeuza chini juu. "Pitisha kidole hapa. Unasikia nini?"

"Kuna vibonde na vinundu."

"Vizuri. Halijakatwa. Wengine hukata chini kwa msumeno ili lisimame. Jiwe lenye umbo la mlima likishakatwa, thamani imeshuka. Kinachochongwa ni kibao cha kuliwekea. Mbao hufuata jiwe, jiwe halifuati mbao."

Kisha aliligonga taratibu kwa ukucha. Likatoa sauti kavu, nyembamba.

"Ni gumu. Jiwe laini hutoa sauti nzito, na linamomonyoka. Sasa tazama umbo lake. Kilele kimoja kirefu, kingine kifupi. Vingelingana, ungechoka kulitazama. Na je, lilitoka wapi?"

"Neutgol, kijiji cha Baba. Aliliokota mtoni kabla ya bwawa kujaa."

Bi. Pyo alilirudisha jiwe kwenye kitambaa kwa mikono miwili. "Neutgol iko chini ya maji. Hakuna atakayeokota jingine pale. Kwa hiyo, ukiwa na jiwe, jua lilikotoka, na uwaambie watu ukweli. Ukidanganya mahali, umeuza uongo."

"Na mafuta?"

"Mafuta huziba ngozi yake na kushika uchafu. Ule weusi wa kweli huja polepole, kwa maji, jua na mkono. Mchuuzi alitaka kung'arisha ya leo. Baba yako alikuwa akilea ya kesho."

Walilisugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Hawakutumia dawa kali, wala hawakulichemsha, maana lingeweza kupasuka. Walirudia mara nyingi. Mafuta yalitoka, ila bondeni palibaki doa.

"Labda Baba hataliona," alisema Yang-hui.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Bi. Pyo. "Mwambie."

Mzee aliporudi na mkongojo wake, alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe. Aliinama, akanusa.

"Mbona mlima wangu unanukia kama wali wa mboga?"

Yang-hui alilia. Alimweleza yote: mchuuzi, mafuta, sisimizi, paka. Mzee alisikiliza huku akipapasa jiwe. Vidole vyake vilifika kwenye doa, vikasimama.

"Nilikuwa na hofu moja," mzee alisema mwishowe. "Jiwe huishi kuliko mtu anayelilea. Nikifa, Jin-mo atalitumia kuzuia gurudumu la lori."

"Ningelitumia kweli, Baba," alisema Jin-mo mlangoni.

"Umesikia? Lakini wewe, mama Dan-bi, ulilihangaikia. Umekosea kwa sababu ya upendo. Doa hilo litapungua, tukilipatia muda. Lete maji."

Tangu siku hiyo walililea pamoja. Yang-hui alipuliza, mzee akapapasa. Watu wa mtaa waliwacheka wote wawili. Doa lilififia polepole, na weusi ukarudi.

Vuli moja, wapenda mawe wa mji walifanya maonyesho. Jiwe la mzee liliwekwa kwenye kibao kipya kilichochongwa kufuata vinundu vyake. Watu walisimama mbele yake, hawataki kuondoka. Mmoja alitaka kulinunua. Mzee alitikisa kichwa tu.

Mbele ya kila jiwe palikuwa na kikaratasi. Yang-hui aliinama kusoma cha jiwe lao:

"Limetoka: Neutgol. Wanaolilea: Tak Bong-gu na binti yake, Seon Yang-hui."

Alimvuta mzee mkono. "Baba, wamekosea. Wameandika binti."

"Hakuna aliyekosea," alisema mzee. "Nimeandika mwenyewe."