Nyuma Si Wazi

Jamaa zangu wa Sikuda, mnaujua ule wakati wa asubuhi ukungu unapoelea juu ya mihogo, na mwamba wa Tororo unaonekana kama umekaa hewani. Asubuhi ya namna hiyo jirani yangu Acom alinipita kama mtu anayetembea usingizini. Alikuwa anakwenda Paya, kwenye uwanja wa mazoezi ya jeshi, kumtafuta mumewe.

Mumewe, Sajini Olupot, anafundisha askari kupiga bazuka, ile silaha ya begani ya kuvunja vifaru. Paya si mbali, lakini mwaka mzima hakuwa amekanyaga kwake. Simu za nyumbani hakuzishika. Kazi ilimteka, na nasema bila kuficha kwamba alinikera.

Bazuka, ndugu, inaua pande mbili. Kombora huenda mbele, moto hutoka nyuma. Kwa hiyo Olupot aliwakaririsha wanafunzi wake: kabla ya kufyatua uliza "Nyuma?", geuka utazame, mwenzako ajibu "Wazi."

Acom hakuyajua hayo. Alidhani, kama ambavyo ningedhani mimi, kwamba hatari iko mbele tu. Akafuata njia ya ng'ombe, akatokea nyuma yao katika majani marefu, vipepeo weupe wakimzunguka, akili yake ikiwa mbali.

Olupot alikuwa amepiga goti akiwaonyesha. Aliuliza "Nyuma?" na kwa mazoea akajijibu mwenyewe, "Wazi," bila kugeuka. Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio.

Mwanafunzi mmoja, Daphine, akamshika mkono.

"Afande, nyuma si wazi. Kuna mama."

Aligeuka. Mkewe alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake. Aliiweka silaha chini, akamuuliza anafuata nini huku.

"Baba Aanyu, mama yako tumemzika jana," Acom alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Simu nilipiga mpaka nikachoka."

Olupot alikaa kwenye majani akalia mbele ya wanafunzi wake. Mama yake alikuwa amemwita kwa jina kwa siku tatu mfululizo, mpaka akakata roho. Nilikuwapo, nilimsikia, na bado inaniuma.

Funzo

Wenzangu mliotekwa na kazi, msijijibu wenyewe kwamba nyumbani ni salama. Geukeni mtazame. Shikeni simu. Acom alipona kwa sababu kuna aliyetazama. Mama yake Olupot alimngoja mtu mmoja tu, naye hakugeuka.

Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Siku hizi Olupot akija, huanzia huko.