Achari za Bibi Fusae

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Tomoe alitundika pazia mlangoni mwa mgahawa wao mdogo mjini Yokote, kisha akafuta meza. Tangu bibi yake, Fusae, alazwe hospitali, alikabidhiwa kazi nyingine: kuingiza mkono katika pipa la pumba za mchele zilizotiwa chumvi na kuzigeuza mpaka chini. Humo ndimo achari za matango na mboga nyingine zilimoiva. Zisipogeuzwa kila siku, pumba hizo, zenye chachu iliyo hai, hufa.

Mama yake alipika samaki na supu, lakini wateja wachache waliobaki walifuata achari, na mama alilijua hilo vizuri.

Siku moja Tomoe alichelewa kuamka, akaliacha pipa. Kesho yake akaliacha makusudi, maana shuleni wenzake walimcheka kwamba mikono yake inanuka. Alipokuja kufunua, alikuta ukungu mweupe juu. Akafunika upesi.

"Umegeuza?" mama akauliza.

"Nimegeuza."

Joto lilikuwa kali. Siku chache baadaye Mzee Inokuma, seremala mstaafu na mteja wao wa siku nyingi, aliuma kipande cha achari ya tango, akaweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Mama Tomoe, leo mmenipikia soksi?"

Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe. Alimaliza supu yake, akaaga kwa adabu, na hakuonekana tena.

Bibi Fusae aliporudi, amekonda vibaya, alikwenda moja kwa moja kwenye pipa. Alifunua, akanusa, akaketi sakafuni.

"Mama yangu alinipa pumba hizi nilipoolewa," alisema.

Tomoe akaangua kilio. "Bibi, niliuona ukungu nikafunika. Niliogopa."

"Ulikuwa umeingia ndani?"

"Hapana. Ulikuwa juu tu."

Bibi alichota pumba kiganjani, akaziacha zianguke.

"Ukungu wa juu tungeukwangua, tukaongeza chumvi, basi. Hata mimi nimewahi kuzisahau, tena si mara moja. Mjukuu wangu, uvivu wako haukuziua. Kilichoziua ni kule kuficha."

Wakazifukia nyuma ya nyumba. Mama akaleta pumba mpya, wakazichanganya na chumvi, maji na majani ya kabichi.

"Zitaiva lini?" Tomoe akauliza.

"Ziwe kama zile? Miaka. Mimi sitazionja." Bibi alimsogezea pipa. "Haya, geuza. Na siku utakayosahau, uje uniambie siku hiyohiyo."