Kopo la Maziwa na Kinu cha Kiongoroni

Boti ya Dulla ilipanda fungu la mchanga kwa kasi, ikaruka kidogo kama inataka kuendelea na safari, kisha ikalala ubavu. Mashine ikapiga kelele rafadha ikiwa hewani, ikazima. Hapo ndipo wote watatu waliposikia jinsi mvua ilivyokuwa inapiga.

"Shemeji, hapa ni wapi?" Muzdalifa aliuliza.

Dulla alipangusa maji usoni. Alisimama akigeuza shingo huku na huku. Mbele hakuonekani kitu, nyuma hakuonekani kitu. Mvua ya masika ilikuwa imeshuka kama turubai, mikoko yote imefutika, na mawimbi yalikuwa yanavunjika pande tatu kwa pamoja.

"Nakuuliza wewe uliyeshika mkono wa mashine."

"Kiongoroni ilikuwa kulia," Dulla alisema. "Mimi nilikuwa naifuata."

"Uliifuata kwa pua?" Sauti ilitoka chini, juu ya nyavu, alipokuwa amelala Mwantumu. "Maana macho hukuwa nayo, na masikio umeyaziba mwenyewe."

Mwantumu ni shangazi yake Muzdalifa. Asubuhi ile walikuwa dagoni, kwenye kambi ya nje kabisa karibu na bahari, wanakokota wavu wa kuvulia kamba kwenye maji ya magoti. Mwantumu akakanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Mwiba ukamwingia nyuma ya kifundo cha mguu, ukakatikia ndani. Walipomtoa majini mguu ulikuwa umeshaanza kuvimba, na damu haikutaka kusimama. Mwenye boti aliyekuwa karibu ni Dulla tu, mdogo wake mume wa Muzdalifa. Alipiga simu kijijini kwao Kiongoroni akasema, "Tunatoka sasa, tuna mgonjwa, tafuteni boti kubwa ya kumpeleka zahanati." Baada ya hapo simu ikanywa maji. Kutoka dagoni mpaka Kiongoroni ni nusu saa, na sasa walikuwa wameshamaliza saa mbili.

Watu wa Kiongoroni wana jambo moja wanalolifanya mvua ikifunga mdomo wa mto na boti ikiwa nje. Wanawake wanatoa kinu kikubwa, wanakiteremsha mpaka bandarini, wanatwanga kikiwa kitupu. Wanawake watatu, michi mitatu, kila mmoja kwa zamu yake. Du, du, du, halafu kimya. Du, du, du, halafu kimya. Wimbi halipigi mara tatu likanyamaza. Aliye nje akiusikia mlio ule anaufuata, anafika.

Njiani Dulla aliusikia mara moja tu, alipoizima mashine kwa muda. Akishawasha hausikiki tena, kwa sababu miezi miwili nyuma aliikata sailensa ya mashine yake kwa msumeno, akachomelea kipande cha bomba kirefu kama kiganja. Alisema anaongeza nguvu. Ukweli ni kwamba alitaka akiwa bado kwenye kona ya mto watu wa bandarini waseme, "Dulla huyo!" Na walikuwa wanasema kweli.

Kila alipozima asikilize, mkondo uliigeuza boti ubavu na wimbi likaingia ndani. Alizima mara mbili. Mara ya pili kamba ya kuwashia ikaanza kuchanika nyuzi, akaapa hazimi tena. Akaenda kwa kukisia, na kukisia ndiko kulikowaleta kwenye fungu.

Maji yalikuwa bado yanakupwa. Muzdalifa alishuka, akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, akarudi ndani. Alitega sufuria ya shangazi ishike mvua. Akafungua kanga iliyofunga mguu, akaikamua, akaifunga tena juu zaidi. Ngozi ilikuwa imebadilika rangi mpaka karibu na goti.

"Unausikia mguu, shangazi?"

"Nausikia sana. Ningefurahi nisiusikie."

"Kunywa maji kwanza."

"Petroli imebaki ngapi?" Mwantumu aliuliza, akisukuma sufuria pembeni.

Dulla aliinua chupa. "Hii tu, lita moja na nusu. Ni ya kwenda mara moja. Tukikosea njia, hatuna ya kurudia."

"Na tukikaa hapa hapa?"

"Maji yakijaa, fungu hili linazama. Na mto umejaa, shangazi. Maji ya bara yanasukuma nje hata bahari ikiwa inaingia. Tukielea bila mashine, tunakwenda bahari kuu."

Muzdalifa alitazama kijiti chake. Maji yalikuwa hatua kumi chini yake.

Kisha upepo ukapoa kidogo, na Mwantumu akainua kidole.

Du, du, du. Kimya.

Mlio ulikuwa mdogo, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya tatu. Ulitoka nyuma yao, upande ambao Dulla angeapa kuwa ni baharini.

"Huyo Fatu," alisema Mwantumu. Fatu ni binti yake. "Anapiga kwa hasira. Tangu mdogo akitwanga utadhani mpunga umemtukana."

Dulla alirukia kamba ya mashine. "Basi! Maji yakifika tu tunaelekea huko."

"Utaelekea dakika mbili," Muzdalifa alisema. "Wimbi la kwanza likikugeuza, utajuaje huko ni wapi?"

Dulla aliiacha kamba. Alikaa kwenye ubao akaitazama mashine yake, kile kipande cha bomba kimesimama, mdomo mweusi wazi.

Muzdalifa naye alikuwa anakitazama. Alikulia Mtunda, nyumba ya pili kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Alipomaliza darasa la saba hakukuwa na kuendelea, kwa hiyo miaka miwili alikaa pale mashineni akishika magunia na kumtazama fundi Mwinjuma. Mzee yule alitengeneza sailensa zake mwenyewe kwa makopo na mapipa mabovu. Hakumfundisha mtu. Lakini hakumfukuza mtu anayetazama.

"Shangazi, mfuko wako wa jikoni una nini?"

"Una jiko langu lote. Si wewe uliyeukumba ukautupa humu?"

Aliumwaga. Kopo kubwa la maziwa ya unga, walilokuwa wanapimia kamba wa kuuza. Kopo dogo la nyanya. Steliwaya mbili za kusugulia sufuria, moja mpya. Kwenye sanduku la Dulla kulikuwa na plaizi, misumari na waya wa kufungia. Panga lilikuwepo.

"Unataka kupika?" Dulla aliuliza.

"Nataka kuifunga mdomo hii mashine yako."

Kwanza alifanya haraka, na haraka ikamponza. Alitoboa kitako cha kopo kubwa kwa ncha ya panga, akalipachika kwenye bomba, akatoboa matundu manane kwenye kifuniko, akafunga waya. Dulla akavuta kamba. Mashine iliwaka, sauti ikashuka ghafla kama mtu aliyefunikwa blanketi, na Dulla akacheka. Kabla hajamaliza kucheka mashine ikakohoa, moshi ukarudi, ikafa. Kopo lilikuwa la moto kiasi kwamba mvua ililia juu yake.

Uzi mwingine ulikuwa umekatika kwenye kamba.

"Umeiua!" Dulla alipiga kelele. "Shemeji, umeiua mashine!"

"Haijafa, imekosa pumzi." Alilishika kopo kwa gunia bichi, akalizamisha kwenye sufuria. Maji yakachemka. Alisimama akayatazama maji yale, akakumbuka kwamba sumu ya taa huvunjwa na maji ya moto, kisha akayajaribu kwa kiwiko, akayapunguza makali kwa maji ya mvua, na kuyamimina taratibu kwenye mguu wa shangazi. Mwantumu alifumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi taya lake kulegea.

"Iue tena," alisema.

Muzdalifa alichuchumaa. Maji yalikuwa yameshaanza kujaa, yamebakisha hatua nne kukifikia kijiti. Mikono ilitaka kukimbia, akaizuia. Mwinjuma alikuwa anafanyaje? Alikuwa anatoboa, anahesabu, anatoboa tena. Akiulizwa mbona matundu mengi hivyo, alijibu bila kuinua kichwa kwamba matundu yote ukiyajumlisha lazima yashinde mdomo wa bomba, la sivyo mashine inajinyonga.

Akachukua kopo dogo, akalitoboa kwa msumari pande zote. Dulla alishika kopo, yeye akagonga kwa kisigino cha panga.

"Yametosha," Dulla alisema.

"Hamsini na moja."

"Nimesema yametosha!"

"Hamsini na mbili."

Yalipofika themanini aliacha. Kopo dogo lilikaa kwenye mdomo wa bomba. Steliwaya zote mbili alizichambua akalizungushia, zisibanane sana, moshi upite. Kopo kubwa likafunika vyote, na kifuniko chake sasa kilikuwa kama chekecheke. Kwenye nanga kulikuwa na tope zito la mikoko. Akalichanganya na mchanga kama wanavyofanya wafinyanzi ili udongo usipasuke motoni, akaziba mwanya wa kitako. Mwisho akafunga waya mmoja tu, kwa fundo la kufunguka.

"Funga mbili," Dulla alisema. "Litaruka."

"Likikataa tena, nitataka kulitoa upesi."

Maji yakagusa kijiti, yakakizunguka, yakakiangusha.

Boti ilipoinuka, wimbi la kwanza liliipiga tumboni. Dulla alivuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Kimya. Mara ya tatu mashine iliwaka na kamba ikabaki mkononi mwake, imekatika.

"Sasa ikizima, basi tena," alisema. Wenzake wawili wakageuza vichwa, kwa sababu walikuwa wamemsikia. Alisema kwa sauti ya kawaida, mashine inawaka, na walimsikia.

Mwantumu alilazwa mbele, kichwa kimeegemea ubao. Aliinua mkono kulia. Dulla akakata kulia. Mkono ukasimama katikati, Dulla akanyoosha. Wimbi likawageuza, mkono ukahamia kushoto, wakarudi. Muzdalifa alikaa kando ya mashine na gunia bichi, mkono mmoja ukimwaga maji, macho yake yakitoka kwenye kopo kwenda kwenye mguu wa shangazi, kutoka kwenye mguu kwenda kwenye petroli. Hakuweza kutulia. Chupa ya mwisho ilikuwa nusu.

Kisha mkono wa Mwantumu ukaanguka.

"Shangazi!"

"Sijafa. Wameacha."

Walisikiliza. Mashine ilinguruma chinichini. Mvua. Mawimbi. Kinu hakuna.

"Kwa nini waache?" Dulla aliuliza, akiwa ameanza kupoteza mwelekeo. "Hata kama wamechoka, kwa nini waache?"

Muzdalifa alimtazama, kisha akalitazama kopo. "Kwa sababu wanakusubiri wewe," alisema. "Wanasubiri kelele zako, na hawazisikii."

Alivuta fundo, akalikamata kopo kwa gunia, akaling'oa pamoja na kopo dogo lililokuwa ndani yake.

Mlio uliotoka uliwapiga vifuani. Moto ulichungulia kwenye mdomo wa bomba. Gunia lilikuwa limeshakauka upande mmoja, na viganja vyake viliungua huku akihesabu kwa sauti ambayo hata mwenyewe hakuisikia, moja mpaka ishirini. Hakulitupa. Alipofika ishirini akalirudisha, akalikandamiza, akafunga waya kwa meno na vidole.

Kimya cha mashine kikarudi. Wakasubiri.

Halafu kinu kikalia. Hakikulia mara tatu, kililia ovyo, michi mingi kwa pamoja, kama watu wanaobomoa nyumba. Kikaendelea hivyo mpaka mtu mmoja pale akapata akili akawarudisha kwenye mstari. Du, du, du. Kimya.

Mkono wa Mwantumu ukainuka.

Mara mbili zaidi Muzdalifa alilitoa kopo na kulirudisha, na kila mara kinu kilijibu karibu zaidi. Petroli iliisha wakiwa wanaona miguu ya watu kwenye maji. Wanaume waliingia mpaka vifuani kuikamata boti. Fatu alikuwa bado ameshika mchi, malengelenge yake yamepasuka, analia kwa hasira.

"Watu walisema mmekwenda!" alimfokea Dulla. "Walisema boti ya Dulla ingekuwepo ingesikika mpaka Salale! Nikawaambia twangeni, wakaweka michi chini!"

"Nipelekeni kwanza, mtagombana baadaye," alisema Mwantumu.

Boti kubwa ilikuwa tayari. Zahanati walitoa mwiba wote, urefu wa kidole. Mganga alisema mguu usingengoja kesho.

Mwantumu anatembea sasa, kwa kuchechemea, na dagoni anaburuta miguu mchangani asikanyage taa mwingine. Dulla ana sailensa mpya ya bati nene, yenye kishikio cha mti, ya kufunguka. Vijana wa bandarini wanamuuliza kama mashine yake inaumwa koo. Yeye anacheka nao, lakini kabla ya kuingia mdomo wa mto anapunguza mwendo, anageuza sikio.

Muzdalifa ana alama ya kuungua kwenye kila kiganja, iliyopinda kama ubavu wa kopo la maziwa. Mvua ikianza kushuka hawezi kukaa. Anaacha alichoshika, hata kama ni chakula, anakwenda kuubeba mchi. Juzi alimkuta Fatu mlangoni, wakakiviringisha kinu mpaka bandarini, na mwanamke wa tatu akawafuata akijifunika kanga.

"Leo nani yuko nje?" aliuliza yule mwanamke. "Boti zote si nazihesabu hapa?"

"Sijui," alisema Muzdalifa, akainua mchi. "Twanga."