Uzio wa Matete wa Dabaso

Jamani, mimi nimechoka na ndege! Tangu alfajiri niko juu ya dungu, jukwaa letu la miti katikati ya mpunga. Napiga debe, napiga kelele, sauti imekauka. Nikiwafukuza huku, wanatua kule. Mwaka jana, mwaka wa 1955, walitumalizia mpunga wote. Tukaishi kwa ndizi za kuombaomba kijiji cha Kulesa. Mwaka huu tukikosa tena, watoto wangu wanne, Komora na wadogo zake, watakula nini?

Mume wangu Dabaso akapita chini.

"Kanze, mbona umenyamaza? Ndege wanakula!"

"Panda wewe upige kelele!"

"Mimi natengeneza uzio. Ng'ombe wa Waorma wakiingia humu, tumekwisha."

Uzio wake ni matete. Ameyaacha yakue pande zote za shamba, marefu kuliko mtu, ati ng'ombe wasipate njia. Anayapenda matete yale kuliko anavyonipenda mimi.

Siku hiyo Halake akapita na ng'ombe wake kwenda mtoni. Halake ni mfugaji Muorma, jirani yetu wa miaka mingi. Akasimama, akacheka.

"Mama Komora, unawafukuza waende wapi? Si hapa ndipo kwao?"

"Kwao wapi?"

Akayatenganisha matete kwa fimbo. Lo! Viota vimening'inia, huwezi kuvihesabu!

"Huyu ni mnana," Halake akasema. "Hufuma kiota penye matete. Hapa analala, hapa analea, na chakula kiko hatua mbili tu. Viota hivi bado vitupu. Akishataga, hatoki, na makinda nayo yatataka kula. Yakateni matete leo. Na mwakani yakateni kabla mpunga haujatoa mashuke."

Dabaso akafoka. "Wewe unataka njia ya ng'ombe wako!"

"Ng'ombe huzuiwa na miiba, bwana. Boma langu ni la miiba, na hakuna ng'ombe anayetoka. Nipeni matete niwalishe ndama. Mimi nitawaletea matawi ya miiba."

"Baba yangu aliyaacha matete yakue," Dabaso akasema.

"Na alivuna nini?" nikamwuliza. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka kichwani. Nikashuka, nikachukua panga, nikaanza kukata. "Ukiyataka sana, kalale humo na ndege!"

Nikafyeka bila kumtazama. Halake naye akageuka akajifanya anahesabu ng'ombe. Mwisho Dabaso akaona haya, akaja kukata.

Tulikata siku tatu. Halake akaleta miiba, tukazungushia shamba. Ndege hawakuisha, la, lakini walipungua sana. Halake akatueleza tena kwamba ndege hula zaidi asubuhi mapema na jioni. Basi tukawa tunaamia ndege, kuwafukuza mpungani, saa hizo tu, kwa zamu, hasa wakati punje zina maziwa. Mchana nikapata nafasi ya kupumzika kama mtu.

Tukavuna magunia saba. Nilipomimina mpunga ghalani, nililia mbele ya watoto wangu, wala sikuona aibu.

Siku ya pili Kenga akaja mbio. Shamba lake linapakana na letu, na mpunga wake ulichelewa.

"Dabaso, ndege wako wamehamia kwangu!"

Mume wangu akavimba kifua. "Ni matete yako hayo, Kenga. Mimi niliona zamani sana kwamba matete ndiyo tatizo."

"Uliona zamani?" nikasema. "Haya! Chukua panga ukamkatie. Sote tukifyeka, ndege hawatakuwa na pa kuhamia."

Akanitazama, akamtazama Kenga, akachukua panga. Jioni alirudi mikono imechubuka, akala wali sahani mbili.